Fungu la Paka Siku ya Idd



Wapenzi wasomaji wetu, wiki iliyopita katika ukurasa huu tulizungumzia umri wa mnyama wa udhia na kasoro zinazomfanya asifae kuchinjwa. Tuliahidi kwamba wiki hii tungeendelea na ugawaji wa nyama. Ahadi ni deni, nasi tunaomba muhula wa wiki moja. Tutalilipa inshaallah kabla siku ya kumi ya Mfunguo Tatu haijafika. Leo tumeona tumtangulize mgeni wa Idd ambaye hakualikwa na mtu wala hakupigiwa simu, ila harufu ya mchuzi inapoanza kupanda huwa ndiye wa kwanza kuketi mlangoni mwa jiko. Mgeni huyo ni paka.

Huenda baadhi ya akina baba wakasema sheikh leo amekosa la kuandika. Akina mama, ambao ndio wenye jiko, wanajua kwamba jambo hili lipo katika kila nyumba. Katika mitaa yetu ya pwani, tangu Lamu hadi Vanga, paka hanunuliwi wala hafungiwi. Yeye ni jirani. Hulala barazani, hupita juu ya mapaa, huingia nyumba hii akanywa maji, akatoka nyumba ile na kichwa cha samaki mdomoni. Na dini yetu imemkubali ujirani huo. Vitabu vya hadithi vinasimulia kuwa sahaba Abu Qatada aliwekewa maji ya kutawadha na mke wa mwanawe, akaja paka akitaka kunywa, naye akakiinamisha chombo mpaka yule paka akakata kiu. Bibi yule akashangaa. Abu Qatada akamweleza kwamba Mtume wetu (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, kwani yeye ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani mwetu, wanaume na wanawake wao.

Basi tusijadili tena kama paka ana haki ya kuingia. Tunalotaka kulizungumza ni lile tunalomwekea akishaingia, nalo tunalizungumza kwa kuwa lilitufika sisi wenyewe.

Nyumbani kwetu, Mji wa Kale Mombasa, alikuwako paka jike aliyeitwa Kashata, kwa rangi yake ya kahawia iliyoungua kidogo mgongoni. Alikuwa paka wa marehemu mama yetu. Mama alipofariki, Allah amrehemu, sisi watoto wake tuligawana vilivyogawanyika kwa mujibu wa sharia: kitanda cha besera, masinia ya shaba, mkufu. Kashata hakugawanywa. Siku ya arubaini alitufuata mwenyewe mpaka nyumbani, akapanda dirishani, akalala juu ya kanzu yetu iliyopigwa pasi. Tangu siku hiyo akawa wetu.

Idd kubwa ya miaka miwili iliyopita tulichinja mbuzi wawili. Mwenzetu wa nyumbani alipika biriani kama inavyopikwa kwetu, nyama ikazamishwa katika mchuzi mzito wa vitunguu vya kukaanga, thomu, tangawizi, mtindi na nyanya, na mafuta yakaelea juu kama taa. Wageni walikula wakaondoka. Sisi tukachukua sahani, tukakusanya yaliyobaki kwenye masinia: vipande vya nyama, mchuzi, vitunguu, mifupa. Tukamwekea Kashata kwa mkono wetu, tukinuia sadaka. Mjukuu wetu wa miaka minane alikuwa amesimama karibu, nasi hatukuiacha nafasi ile ipite. Tukamsimulia habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, alivyomfungia asimpe chakula wala asimwache ale wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Ni hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, na Imam Nawawi ameiweka katika Riyadhus Salihin. Tuliisimulia vizuri, maana tumeisomesha kwa miaka mingi. Mtoto alisikiliza huku akimtazama Kashata anavyolamba sahani.

Siku za Tashriq zote Kashata alikula mwiku wa biriani. Siku ya nne aliitwa hakuja. Tulimkuta chini ya kitanda, amelegea, fizi zake zimekuwa nyeupe. Tulimgusa masikio tukayaona yana moto, tukasema ana homa. Ndani ya mtoto wa meza mlikuwa na tembe za parasetamoli, zile ambazo kila nyumba inazo. Tuliponda nusu tembe, tukaikoroga na maziwa, tukasema Bismillahi, tukamnywesha kwa kijiko.

Ilipofika alasiri uso wake ulikuwa umevimba, na miguu yake ya mbele pia. Fizi zilizokuwa nyeupe ziligeuka rangi ya udongo. Alihema kwa mdomo wazi, jambo ambalo paka halifanyi ila ana dhiki kubwa. Hapo ndipo tulipotafuta nambari ya daktari wa mifugo, na tulimpata baada ya Isha. Kashata alikufa kabla ya adhana ya Alfajiri.

Daktari alifika asubuhi, binti mdogo aliyejitanda mtandio, pengine umri wa bintiye dada yetu. Hakutulaumu. Alituuliza mambo mawili tu: "Sheikh, amekula nini? Na amepewa nini?" Tulipomjibu alinyamaza kidogo, kisha akatueleza kwa adabu yale tunayoyaandika leo.

Kwanza ni kitunguu. Kitunguu maji, kitunguu thomu na jamaa zao wote wana kitu ndani yake ambacho mwili wa binadamu unakimudu, na mwili wa paka haukimudu. Huziharibu chembechembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa, mpaka zikapasuka. Thomu ina nguvu zaidi kuliko kitunguu maji. Kupika hakuondoi madhara, wala kukausha na kusaga, kwa hivyo unga wa thomu unaotiwa katika viungo vya pakiti ndio mbaya zaidi, maana umekusanywa ukawa mkali. Kubwa kuliko yote ni kwamba dalili hazionekani siku ile ile. Paka hula Idd leo akalamba midomo, na kuanza kulegea baada ya siku kadhaa: fizi hupauka, mkojo hugeuka rangi ya chai, hula kidogo au huacha kabisa. Mwenye nyumba wakati huo amekwishasahau biriani, naye hutafuta sababu nyingine.

Pili ni parasetamoli. Ini la paka halina uwezo ambao ini letu linao wa kuisafisha dawa hiyo. Inapoingia mwilini mwake huigeuza damu ikashindwa kubeba hewa, ndiyo sababu ya fizi kuwa rangi ya udongo, kisha huliharibu ini lenyewe. Tembe moja ya miligramu 500, ile tunayoimeza mbili mbili kichwa kikiuma, inatosha kumuua paka mzima, na hata iliyo chini ya hapo. Daktari alisema dawa ya kuizuia ipo, lakini lazima paka afikishwe mapema sana, ndani ya saa chache. Damu ya Kashata ilikuwa imekwishapigwa na kitunguu kwa siku nne, kisha sisi tukaipiga tena kwa dawa. Masikio kuwa na moto, alituambia, si kipimo cha homa ya paka.

Mjukuu wetu alikuwa nyuma ya pazia, hatukujua. Daktari alipoondoka alikuja akauliza, "Babu, sasa na sisi ni kama yule mwanamke?"

Ndugu zetu, tumeulizwa maswali mengi katika umri wetu, mengine na watu waliosoma kutuzidi, na hatukumbuki swali lililotunyamazisha kama lile. Tulimwambia kwamba yule mwanamke alijua alilokuwa akilifanya, nasi hatukujua. Mtoto akaridhika, au alionekana kuridhika. Sisi hatukuridhika. Kwani iko hadithi nyingine, iliyopokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, inayofundisha kwamba mtu anayefanya utabibu bila kujulikana kwa utabibu basi yeye ni dhamini wa madhara yatakayotokea. Tuliihifadhi hadithi hiyo madrasani tukiwa vijana, na miaka yote tulidhani inawahusu waganga wa vichochoroni wanaouzia watu mizizi. Hatukudhani inamhusu sheikh mwenye nusu tembe na kijiko.

Wanazuoni wanatenganisha dhambi na dhamana. Aliyekosea bila kukusudia, dhambi humwondokea kwa rehema ya Mola wake, lakini dhamana ya alichokiharibu hubaki. Paka alikuwa wetu, kwa hivyo hapakuwa na mtu wa kumlipa. Makala haya basi mtayahesabu mnavyotaka kuyahesabu.

Sasa twende jikoni, maana Idd iko mlangoni.

Hatusemi paka anyimwe Idd yake. Watu wa nyumba wakila nyama siku nne na mnyama anayewazunguka akapewa maji ya kuoshea sinia, hapo hapana ihsani. Tunalosema ni kwamba fungu lake litengwe mapema. Mama, nyama ikishakatwa na kuoshwa, kabla hujatia chumvi na kabla kitunguu hakijaingia sufuriani, toa vipande vichache visivyo na mafuta wala mfupa, uvichemshe pembeni kwa maji matupu. Vikipoa vichambue vidogo vidogo. Kwa paka wa kawaida, vipande viwili au vitatu vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba vinatosha kwa siku, juu ya chakula chake alichokizoea. Madaktari husema kitu cha kumfurahisha mnyama kisizidi sehemu moja katika kumi ya chakula chake cha siku. Samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba naye ni tunu, na ini la kuchemsha kidogo pia. Haya hayagharimu kitu ila kukumbuka.

Msomaji mmoja wa Kisauni alituuliza siku moja baada ya darsa kama inafaa kumpa paka nyama ya udhia, au ni kumpunguzia maskini. Jawabu letu ni kwamba maskini watolewe fungu lao kwanza, likiwa nyama mbichi, kama wafundishavyo wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii. Kisha utakachompa paka kitoke katika kile ulichojibakishia wewe kula. Na kulisha mnyama uliyemweka nyumbani mwako si hisani ya Idd. Imam Nawawi katika Minhaj, katika mlango wa nafaka, amemuwajibishia mwenye mnyama chakula na maji yake. Idd huja na kupita, wajibu haupiti.

Mifupa iliyopikwa ndiyo inayotupwa zaidi uwanjani. Mfupa mbichi una utelezi kidogo, ila ukishapikwa, hasa wa kuku, huvunjika vipande vyenye ncha kama sindano, vikamtoboa mnyama koo au matumbo. Vijiti vya mishkaki ni vibaya kuliko mifupa, maana vimelowa mafuta na harufu na paka hawezi kukitenga kijiti na nyama. Vivunjeni, mvifunge ndani ya gazeti, mvitie kwenye pipa lenye kifuniko kizito. Uzi uliofungia nyama na utepe wa zawadi za watoto nao vikusanywe. Ulimi wa paka una miiba inayoelekea nyuma, hivyo akianza kumeza uzi hawezi kuutema, na uzi mrefu hukunja matumbo kama kitambaa kilichovutwa. Mkiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma yake, msiuvute. Mpelekeni kwa daktari hivyo hivyo.

Mafuta ya juu ya biriani, yale ambayo wengine wetu huyaona ndiyo utamu wenyewe, humpa mnyama kutapika na kuhara, na yakiwa mengi yanaweza kumwasha kongosho. Tambi za Idd zina zabibu kavu, na zabibu zimejulikana kuharibu figo za mbwa, nao madaktari hushauri paka pia asipewe. Chokoleti wanazoletewa watoto na ami zao wa Uarabuni ni sumu kwa paka na mbwa, na kadiri ilivyo nyeusi na chungu ndivyo ilivyo kali. Halua haina cha kumfaa. Hata maziwa, ambayo tumezoea kusema ndiyo chakula cha paka, wengi wao wakishakua hawayamudu, huwaendesha. Maji safi kwenye bakuli ndiyo kinywaji chake.

Liko jambo linalotangulia Idd yenyewe, nalo ni usafi. Wiki hii nyumba zetu zitasuguliwa tangu dari mpaka ngazi. Zile dawa za sakafu ambazo zikitiwa maji hugeuka nyeupe kama maziwa, nyingi zina kemikali ambazo paka hawezi kuzimudu. Hazinywi, ila hupita juu ya sakafu ikiwa imelowa, kisha hukaa pembeni akajilamba nyayo. Suuzeni sakafu kwa maji, na paka akae nje mpaka ikauke. Sumu ya panya ina hila yake pia: hata ukiificha paka asiifikie, panya aliyeila huwa mzito wa kukimbia, naye paka hamkosi. Nyumba yenye paka na sumu ya panya imeajiri walinzi wawili wanaouana.

Akina bibi wanaofukiza udi wasitudhanie tunaupiga vita. Wafukize, ila mlango wa chumba uachwe wazi ili mnyama apate kutoka, na mafuta mazito ya manukato yasipakwe kwenye manyoya yake. Watoto wasimpake hina, wala piko hasa, kwani kila kinachopakwa mwilini mwa paka huishia tumboni mwake.

Tuje kwenye fataki. Watoto wa mitaa yetu huziwasha usiku wa Idd, na hatutaki leo kuanzisha ugomvi huo na akina mama wao, ingawa maoni yetu wanayajua. Paka husikia sauti kali kutuzidi sana. Akishtuka hukimbia bila kutazama, akavuka barabara, akapotea. Pamoja na hayo mlango wa nyumba siku hiyo huwa wazi tangu asubuhi kwa wageni. Ni bora awekwe kwenye chumba cha ndani kilicho kimya, pamoja na maji, chakula, beseni la mchanga wa kujisaidia na kanga kuukuu yenye harufu ya nyumba. Tunajua kuna atakayesema, "Sheikh, si kufungia paka ndiko kulikomwingiza yule mwanamke motoni?" Tunamjibu asome hadithi mpaka mwisho. Lililotajwa pale ni kufungia pamoja na kumnyima chakula, na kumzuilia njia ya kujitafutia.

Na hapa tunasema neno zito. Wako miongoni mwetu wanaofunga nyumba siku ya pili ya Idd wakaenda Lamu, Malindi au Unguja kwa wiki nzima, na paka aliyezoea kula kwao akaachwa ndani na bakuli moja la wali, au nje kwenye ua uliofungwa pande zote. Bakuli la wali katika joto letu huchacha siku ile ile. Maji humwagika. Huyo ndiye paka wa ile hadithi, hana tofauti naye, na sisi tunaoisoma hadithi kila mwaka tunamwachia jirani aje asikie harufu. Kama mnasafiri, mpeni jirani ufunguo na fungu lake la nyama, mkubaliane aje mara mbili kwa siku. Ikiwa hapana jirani wa kuaminika, basi mmoja wa nyumba abaki, au safari ifupishwe. Tunajua ni neno gumu kwa aliyekwishakata tiketi.

Kwa akina mama wenye watoto wadogo: mtoto asimguse paka anapokula, hata kama ni paka mpole, kwani siku hiyo amezungukwa na wageni na kelele. Akimng'ata au kumparura mtoto mpaka damu ikatoka, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayomiminika kwa muda wa dakika 15, kisha umpeleke hospitali siku ile ile akaangaliwe kama anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huletwa na paka pia ingawa jina ni la mbwa, na dalili zikishaanza hauna tiba. Msipake kahawa wala mafuta ya taa juu ya jeraha. Na mama mjamzito asisafishe yeye beseni la mchanga la paka. Akikosa mtu wa kumsaidia avae glavu na kunawa mikono kwa sabuni.

Wale wanaochinjia uwanjani, ambako mbwa wa mtaani hukusanyika, wasiwatupie ini au mapafu yenye malengelenge ya maji. Ndani ya malengelenge hayo mna vijidudu vya tegu. Mbwa akivila hukua tumboni mwake, mayai yakatoka na kinyesi, na mwisho yakaingia mwilini mwa mtoto anayecheza mchangani. Vifukiwe kwenye shimo refu au vichomwe. Mbwa naye ana haki yake: aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa, na hadithi hiyo mnaijua. Mpeni kipande kizima kilichopikwa, kisicho na mfupa.

Likitokea la kutokea, mkashuku kwamba mnyama amekula kitunguu kingi, au dawa, au sumu, msingoje aanze kulegea. Msimtapishe kwa chumvi wala kwa kidole, msimpe maziwa, na kwa jina la Allah msimpe dawa ya binadamu ya aina yoyote, iwe parasetamoli, aspirini, au ile ya maumivu ya viungo. Chukueni pakiti ya alichokila, mkumbuke saa aliyokila, mkampigie daktari wa mifugo. Andikeni nambari yake leo, kabla ya Idd, mwibandike pale pale ilipo nambari ya gari la maiti na ya fundi wa gesi. Na daktari akiuliza mwambieni kweli, hata kama kweli yenyewe ni nusu tembe na kijiko cha maziwa. Daktari aliyefichwa jambo hutibu ugonjwa mwingine.

Hatukufuga paka mwingine baada ya Kashata. Hata hivyo mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya Idd kubwa, paka kijana mwenye mkia uliokatika alianza kuja dirishani. Mjukuu wetu hakutuomba ruhusa. Siku ya Idd tulipotoka msikitini tulimkuta mlangoni mwa jiko na sufuria ndogo mkononi, kanzu mpya imekwisha kuingia masizi, akimkabili nyanya yake aliyekuwa na mwiko. "Nyanya, simama kwanza," alikuwa akimwambia. "Kitunguu kimeshaingia au bado?"